Kifuniko cha Dereva

Kaka mtu alikigeuza kile kifaru cha vita cha plastiki kiganjani, kisha akaacha kucheka.

"Mbona kifuniko cha dereva umekifunga?"

"Unachagua mwenyewe, kaka, wazi au kufungwa," alijibu mdogo wake, fundi saa. "Nikaona kikifungwa kinapendeza."

Mwezi mzima alikuwa akikiunga kwa kibano chake cha kazini, kipande kwa kipande, hata kutu akaichora. Alitaka kumfurahisha kaka yake, aliyekuwa mpiga mzinga kwenye kifaru cha namna hiyo, na ambaye vita hakuwahi kuvisimulia.

"Shemeji, na mvi zote hizo bado unachezea vigari?" mke wa kaka alitania kutoka jikoni.



"Sisi hatukukifunga hata mvua ikinyesha," kaka alisema. "Siku hiyo tukaamriwa tufunge. Tulipopigwa, moto ukashika. Mimi nikatokea juu. Dereva akabaki. Nilikivuta kile kifuniko mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma. Na yeye anagonga kwa ndani. Anagonga tu."

Fundi saa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kaka aliingiza ukucha wa kidole gumba chini ya kifuniko, ambacho hakikuzidi punje ya mahindi. Kifuniko hakikusogea. Gundi ilikuwa imekauka tangu juzi, na fundi saa, aliyeipaka, alijua ilivyoshika.

"Bado mbichi, kaka," alisema. "Vuta."