Nukta Tisa

Shikamoo ya Salmini ilibaki hewani. Bibi Asteria hakuitikia. Alivuta stuli akaketi mbele ya kompyuta ya kijana huyo, kanga ya msiba bado iko kiunoni.

Alikuwa ametoka kijijini Samuye alfajiri, mpaka mjini, mtaa wa Kambarage, kwenye kibanda ambamo Salmini hutengeneza simu na kuandika programu. Kesho kamati ya machimbo inaketi, nayo imemwachia yeye neno la mwisho: kijana asamehewe, au apelekwe polisi. Neno alikuwa nalo tayari. Amelilalia siku arobaini.

“Kitendawili,” alisema.

Salmini alishtuka. “Tega, mama.”

“Natembea kila saa, wakinihesabu hatua hawaoni hata moja.”

Kijana aliinamisha kichwa. “Ardhi.”

“Ardhi iliyomfunika Stanslaus wangu. Haya, nieleze mwenyewe. Na uniambie kwa Kiswahili cha watu, siyo cha mashine.”

Akamweleza. Stanslaus, kiongozi wa duara, shimo la wachimba dhahabu kule Geita, ndiye aliyekuja kuagiza kipimo. Kilifungwa kwenye matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo, kikawa kinapima kila saa udongo umesogea milimita ngapi. King’ora kiliendeshwa na programu nyingine, iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Hiyo ya pili haijui nukta. Inapokea namba nzima tu, na ikisikia moja, inalia. Katikati Salmini aliweka mkalimani. Kipimo kikisema sifuri nukta tisa, mkalimani anakata kilicho nyuma ya nukta. King’ora kinasikia sifuri. Saa kwa saa, sifuri. Siku kumi na mbili, sifuri, na udongo umeshasogea zaidi ya shubiri.

“Mbona wiki ya kwanza kililia?” aliuliza Bibi Asteria. “Mwanangu alinipigia simu akicheka, akasema kila siku kinalia, watu wanatoka shimoni mbio kama siafu waliomwagiwa majivu. Kisha kikanyamaza. Mimi nikapiga magoti nikashukuru, nikasema Mungu ameituliza ardhi.”

Salmini aliokota waya mezani akaanza kuukunja.

“Mimi nimeishia darasa la saba. Mwalimu wetu alituchapia hiyo: nukta tano kwenda juu, panda, chini ya tano, kata. Tisa inapanda, inakuwa moja. Wewe wa chuo hukujua?”

“Nilijua, mama.”

“Ukakata.”

“Nilikata. Kosa ni langu. Kesho nitasema hivyo hivyo mbele ya kamati.”

Bibi Asteria alikuwa amejiandaa kwa visingizio, na kukosa visingizio kulimchoma zaidi. Anayejua kwamba tisa inapanda, kisha akaikata, huyo hakukosea. Huyo aliua.

“Nionyeshe ulipokata.”

“Mama, ni maandishi ya mashine tu. Hutaelewa.”

“Kaburi la mwanangu nimeliona. Hapa patanishinda?”

Salmini alifungua. “Hapo,” alisema, na kiganja chake kikabaki kimeziba kipande cha kioo.

Bibi Asteria aliusogeza mkono ule pembeni, kama mtu anayefukuza kuku kwenye nafaka. Kweli, yalikuwa mabano na alama zisizo na mwenyewe. Ila mstari mmoja ulikuwa wa Kiswahili, kumbukumbu ambayo mwandishi wa programu hujiwekea asije akasahau kwa nini alifanya alichofanya.

Akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama alivyofundishwa darasa la pili:

“Nukta zikatwe, king’ora kinawachelewesha wachimbaji na mwamba wa dhahabu umekaribia. Nimemkatalia mara mbili, hasikii. Agizo la Stanslaus.”