Jaribio la Jikoni

Tangu majaribio yote ya programu yahamishiwe kwenye mtambo mmoja wa taifa, Tausi amekatazwa kujaribu mwenyewe kifaa cha kusikia cha mama yake. Zamani, kila programu mpya ilipoingia, alimwita mama kutoka jikoni na kusubiri aitike.

Leo imeingia nyingine. Taa ya kifaa ikawa ya kijani: imefaulu.

"Mama, chai tayari."

Kimya. Tausi akaenda kumgusa bega, mama akashtuka.

"Mbona siku hizi huniiti, mwanangu?"

Tausi akatuma malalamiko kwenye mtambo. Chai haijapoa, jibu likaja: kifaa kimefaulu, aliyefeli ni mtumiaji. Maofisa watakuja kumchukua mama.

Akakimbilia kufunga mlango. Kitasa, nacho cha programu, kikawasha taa ya kijani, kisha kikafunguka chenyewe.