Ningu wa Ruzizi

Mama mkwe aliponiwekea sahani, nilimtambua samaki kwa mdomo wake: mnene, umegeukia chini, mdomo wa kufyonza tope.

"Ningu ya Ruzizi," alisema. "Jirani ya chini ameileta kutoka Uvira. Bon, kula, mutoto yangu. Josias alikuwa anaipenda sana."

Mvua ya Saint-Gilles, huku ughaibuni, ilikuwa ikipiga dirisha. Kila Jumapili baada ya misa nilimwambia mwanawe yuko kambi ya wakimbizi, atakuja. Moyo wa mama ulikuwa mgonjwa, na mimi, mke wa Josias, ndiye niliyepokea simu ya kwamba ameuawa. Walimtupa katika mto huohuo wa Ruzizi pamoja na wenzake.

Ningu hula kinachozama. Ndiye anayesafisha sakafu ya mto.

Kama ningekataa, angeuliza sababu. Nikamega kipande karibu na mkia, mbali na tumbo, nikakichovya kwenye mchuzi, nikakipeleka mdomoni.

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Ndipo nikaona kwamba sahani yake hakuwa ameigusa.

"Acha, mutoto yangu," alisema. "Nilipika tu juu usijue kama mimi pia najua."