Sauti ya Paa Bwenini

Palikuwa na bweni la wanyama wa kike, na humo Kasuku aliweza kuiga sauti ya yeyote. Paa, mlafi wa mapera, kila akitaka kuruka uzio jioni alimwambia, "Shoga, nikiitwa niitikie."

"Wewe nenda. Nitakuwa wewe."

Jioni moja tanzi lilimnasa Paa shingoni nje ya uzio, likambana hata asiweze kulia. Fisi akawa anakuja polepole, akinusa. Paa akajipa moyo: matroni, Bi Kanga, akiita majina atajua sipo, watanitafuta.

"Paa!" Bi Kanga akaita.

Paa akasikia sauti yake mwenyewe ikiitika kutoka bwenini, changamfu kabisa: "Nipo, matroni!"

Mlango wa bweni ukafungwa kwa komeo.