Kibao cha Senetwet

Jumanne asubuhi Janeffer alikuta tawi moja limekatwa, akatabasamu.

Wiki mbili nyuma angelia kwa hasira. Yeye ndiye mtunzaji wa bustani mpya ya mji pale Sotik, iliyo nyuma ya soko, na alikuwa ameambiwa waziwazi: siku ya ufunguzi wakubwa wakikuta vichaka vimenyolewa, kazi atapewa mwingine.

Bustani yenyewe ilichorwa na kijana anaitwa Kipkurui. Alipanga kila kitu kwenye karatasi: ngazi za mawe kufuata mteremko, mfereji wa kubeba maji ya mvua, viti vya wenye mizigo. Kando ya njia ya kutoka sokoni akaweka safu ndefu ya senetwet, ule mti wa maua ya njano ambao wamama wa Kipsigis huchoma kijiti chake, wakasugua nacho ndani ya kibuyu kabla ya kumimina maziwa yagande kuwa mursik. Mbele ya safu akasimamisha kibao: SENETWET.

Wamama wakaona wameletewa mlangoni. Kila alfajiri vijiti vilienda. Janeffer alifunga waya, wakauruka. Akapiga filimbi, wakamcheka.

"Kwani ulizaa hii miti, Janeffer? Mbona hailii tukiikata?"

Hasira ya mchana aliimalizia nyumbani, kwa Syprose, mke wa mwanawe Kipruto, aliyetoka upande wa ziwa.

"Miaka mitatu kwa boma yangu, na mwanangu hajaonja mursik ya nyumba yake! Nyinyi mnajua samaki tu."

"Nifunze basi, Mama."

"Nikufunze? Unachoma senetwet, unasugua kibuyu, unamimina maziwa, unangoja wiki. Hata mtoto wa darasa la nne anajua. Usiende kuuliza majirani waanze kunicheka."

Syprose akainama, akaendelea kuosha sufuria. Binti yake mdogo, Chepkemboi, akamkimbilia nyanya yake akiita, "Kogo!"

Kesho yake Janeffer alienda kwa Onyancha, muuza miche wa barabara ya Kisii.

"Nipe kitu cha maua ya njano ambacho hakuna mtu atagusa."

Onyancha alimwonyesha miche mirefu iliyokwisha kuchanua. "Hii hata mbuzi akiiona anapita kando. Lakini nawa mikono, mama. Ule utomvu ni sumu. Na vijiti usichome kabisa, hata moshi wake ni mbaya. Kuna watoto karibu?"

"Watoto wana mama zao," Janeffer akasema.

Jumamosi aling'oa senetwet zote, akapanda hiyo. Kibao alikiacha palepale. Wakubwa wa kaunti husoma kibao, hawasomi majani.

Wamama wa sokoni hawakudanganyika hata dakika moja. Walisimama, wakashika viuno.

"Hii si senetwet."

"Hamkusoma shule? Kibao kinasema nini?"

Wakacheka, wakaenda zao. Safu ikabaki nzima.

Ndiyo sababu Jumanne alitabasamu. Tawi lilikuwa limekatwa chini kabisa, kwa kisu, pole pole, kazi ya mtu mwenye adabu. Huyu si wa hapa, alijiambia. Wa hapa angejua. Kwa dakika moja hivi alifikiria kwenda kutangaza sokoni. Kisha akafikiria habari ikifika kaunti. Akachota udongo, akapaka pale palipokatwa pasionekane.

"Akionja mara moja hatarudi," akasema, akanawa mikono mara mbili.

Siku tatu alitega sikio. Hakuna boma iliyolia. Akaamua kwamba Onyancha ana mdomo mrefu tu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata wakubwa walifika, na mvua ya mawe ikafika nao. Walikata utepe, wakapita mbio chini ya miavuli, wakasoma kibao, wakakubali kwa vichwa. Janeffer akaambiwa kazi ni yake.

Kipkurui hakuweza kuja. Akapiga simu.

"Mama, nimeona picha! Ni ya mbali, lakini maua yamejaa. Wamama wanakata?"

"Kukata? Nimewazuia. Hakuna anayegusa."

"Lakini niliipanda iwe yao! Waache wakate, inachipuka tena. Ndiyo maana niliiweka njiani."

Janeffer alikata simu bila kuaga. Mtu anaweza kuchora vizuri na bado awe mjinga.

Alifika nyumbani saa kumi na moja, amelowa, ana njaa, ana furaha. Syprose alimpokea mlangoni na kikombe, amekishika kwa mikono miwili. Mursik. Yenye rangi ya majivu, nzito, baridi. Janeffer alinusa, akakunja uso, akaonja. Ilikuwa na uchungu kidogo, lakini msichana amejaribu. Akamaliza. Akaomba kingine.

"Leo," akasema, na hakuwa amewahi kumwambia neno zuri, "leo umekuwa binti wa nyumba hii."

Syprose akafunika uso kwa leso, akicheka na kulia. "Mama, nilitaka uonje wa kwanza, lakini walinishinda. Kipruto ameenda na chupa nzima kiwandani. Chepkemboi naye kamaliza vikombe vitatu, ndiyo maana hajakuja kukusalimu kogo wake. Amelala tu tangu saa tisa, namwita haamki."

Janeffer akaweka kikombe chini.

"Kijiti ulitoa wapi?"

"Sikuuliza mtu, Mama, usije ukachekwa. Nilisoma kibao chako."