Kijia cha Paa

Zama hizo wanyama hawajajua kukimbizwa, Paa alikuwa akikimbia kwa raha zake tu. Kila alfajiri alishuka mbio kwenye kijia chake hadi mtoni, akarudi akihema na kucheka. Siku moja mguu ulitumbukia kwenye shimo la panya, kifundo kikateguka.

"Tulia mpaka upone," Kobe alimwambia. "Mguu hauponi kwa hasira."

Paa akatulia chini ya kichaka, lakini moyo ulimchemka. Maana kila alfajiri Ngiri, mvivu wa kuzaliwa, alipita mbele yake mbio, mkia wima, kwenye kijia kile kile.

"Ananitambia huyu," Paa alinung'unika. "Njia niichonge mimi, afaidi yeye!"

Kijicho kilipomzidi, akaburuta matawi ya mgunga yenye miba kwa meno huku akichechemea, akayatandaza njiani na kuyafunika vumbi.

Kesho yake Ngiri akaja kwa miguu mitatu, wa nne ukivuja damu.

"Niwie radhi, ndugu yangu," alisema. "Mimi mbio sizipendi hata chembe. Lakini njia isiyopitwa humezwa na nyasi, nami nilitaka uikute yako wazi siku utakayopona. Sasa sitaweza tena."

Paa akajisogeza, akampisha chini ya kichaka. Kifundo chake nacho, kwa kazi ile ya miba, kilikuwa kimevimba upya.

Mvua zikanyesha. Wawili hao wakalala chini ya kichaka kimoja, wakitazama nyasi zikikifunika kijia, na kila zilipozidi kupanda, Ngiri alimwomba Paa radhi.