Siku Odro Alipokufa

Mbeyu alipigilia blanketi la pili dirishani mpaka chumba kikawa giza, na huko nje jua la saa nane linachoma mabati ya Changamwe. Nzai, mumewe, alimwelekeza kutoka kitandani.

"Pale juu mwanga bado unapenya. Hapo hapo. Na mlango utie komeo, watoto wa jirani wasije wakatusumbua."

Wageni walikuwa Rashid na Justus, waliofanya kazi na Nzai kule Kipevu kabla hajapooza. Rashid alikuwa amebeba deki ya video ya mjomba wake, kaifunika kanga kama mtoto mchanga. Justus, mtu wa bara, ndiye aliyeipata kaseti yenyewe.

Zamani, kila Alhamisi, televisheni ya Nzai ilikuwa ikikusanya mtaa mzima kutazama Zohali, mchezo wa chombo kilichopotea angani na watu wake wasijue njia ya kurudi duniani. Kisha wenye mchezo wakaukata katikati. Fundi wa chombo, Odro, aliyependwa kuliko kapteni, aliachwa ananing'inia nje kwa kamba moja, na Alhamisi iliyofuata kikaonyeshwa kipindi cha kilimo cha pamba. Watu walikaa mbele ya kioo mpaka taarifa ya habari, wakidhani pametokea makosa. Sasa, baada ya miaka minne, ilikuwa imetoka filamu ya kuumalizia.

"Odro atafanywa kapteni," Rashid alisema huku akiunganisha nyaya. "Wallahi hawana mtu mwingine."

"Lazima," akasema Nzai. "Mtu kama yule hawezi kuachwa hivi hivi."

Mbeyu alimwinua mumewe ili aketi vizuri. Alimshika chini ya makwapa, akavuta, akapumzika, akavuta tena. Hajatimiza miaka thelathini, lakini mgongo ulikuwa umeanza kumuuma kama wa bibi kizee. Shuka ikateleza.

"Nzai, hiyo miguu bado ni ya kucheza boli," Justus alimtania. "Yangu mimi ninayetembea imekonda kuliko hiyo."

"Ni uvimbe tu," akasema Nzai, akaivuta shuka.

Mbeyu hakupenda miguu hiyo izungumzwe. Moyoni alijua ni yeye aliyeiponza. Asubuhi ya siku ile ya ajali alikuwa amemwambia Nzai kwamba amechoka kuchungwa kama mbuzi, amepata kazi ya kufundisha nasari huko Malindi, na anakwenda kukaa kwa dada yake. Sanduku lilikuwa limefungwa tayari. Nzai alichukua nyundo. Alipanda kwenye paa kutengeneza bati, na kabla ya adhuhuri akaanguka. Daktari alisema picha haikuonyesha mfupa uliovunjika, akataka arudishwe apimwe tena. Nzai hakutaka kurudi. Alisema amekwisha kulikubali aliloandikiwa. Mbeyu akalifungua sanduku, akazitoa nguo zake moja moja.

Na sasa dada yake, Margret, alikuwa amemletea habari kwamba nasari ile inatafuta mwalimu tena na jibu linatakiwa kesho. Asubuhi, wakati akimnyoa mumewe ndevu, Mbeyu alijaribu kuligusia.

"Mama yako angeweza kuja kukaa nawe," alisema. "Mimi ningekuwa nikija kila Jumamosi."

"Nenda," Nzai alimwambia kwa upole. "Ila uniwekee maji karibu. Ukisikia nimekufa, utakuja kunizika."

Basi akakata shauri. Kesho angempelekea Margret jibu la kukataa, na alijua hataulizwa mara ya tatu.

Filamu ikaanza. Justus aliketi sakafuni, Rashid kwenye kigoda, na Mbeyu, kwa kukosa nafasi, akasimama na sinia la chai mgongo ukigusa mlango. Joto lilikuwa kali, na chumba kilinuka dawa ya kuchua. Odro alipotokea, nywele zimeota mvi, Rashid alimwamkia shikamoo kwa sauti. Nzai alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ulikuwa umepita muda mrefu Mbeyu hajakisikia kicheko kile, na huruma ikamshika. Pengine hiki tu ndicho mume wake alichobakiwa nacho duniani.

Kisha, filamu haijafika hata nusu, chuma kikamwangukia Odro, akafa. Hakupewa hata neno la kuaga. Kapteni alitazama pembeni, akaamuru safari iendelee, na wenzake wakaingia kwenye mazungumzo mengine, wanacheka.

Justus aligonga kikombe sakafuni, chai ikammwagikia. "Zii. Hawawezi. Hapo lazima wamekosea."

"Miaka minne," Rashid alisema, mikono kichwani. "Miaka minne tunangoja waje watufanyie hivi?"

Wote wakawa wanapiga kelele kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenziwe. Wanamtukana kapteni, wanamtukana aliyeitunga hadithi, wanamwambia Odro ainuke. Mtu akapita kasi kando ya Justus, nusura amkanyage vidole, akaruka kigoda kilichoanguka, akaifikia televisheni na kuung'oa waya wake ukutani.

Picha ikazimika. Ndani pakawa giza totoro, na kelele zikakatika ghafla.

"Nani amezima?" Justus aliuliza kutoka sakafuni.

"Si mimi," akasema Rashid, karibu kabisa na Mbeyu.

Mbeyu alipapasa komeo, akaufungua mlango wote, jua likaingia mpaka kitandani. Kitanda kilikuwa kitupu. Katikati ya chumba, waya mkononi na kifua kikimpanda na kumshuka kwa hasira, alikuwa amesimama Nzai.